Katikati Mwachie Mungu

Mwaka ule wimbo ulipanda mlima kutoka Masasi, na ulipofika Newala ukaingia kila nyumba bila kupiga hodi.

Aliyeuimba ni Abdulatifu, mtoto wa Fakihi, yule Fakihi mwenye duka la redio na mitumba aliyenawiri tangu biashara ya korosho ilipoachiwa watu binafsi. Abdulatifu alikuwa kidato cha nne, lakini kusoma alikuwa anasoma akipata nafasi. Kazi yake hasa ilikuwa kuimba. Akamtafuta Haji, mpiga video wa harusi, wakapiga video, kanda ikatolewa nakala, nakala zikasambaa kwenye mabanda ya video. Ikawa kabla ya picha za Kichina wanaiweka hiyo kwanza. Watu wamekaa kwenye mabenchi, jenereta linanguruma nje, mara huyo Abdulatifu kwenye kioo, amejifunga khanga, amejipaka majivu kichwani yawe mvi, amechuchumaa mbele ya kikombe cha maji, anaoga.

*Newala juu, juu kabisa, mawingu yako mlangoni,*
*Mvua ikipita inawaambia, tutaonana bondeni,*
*Bibi yangu na kikombe chake, ndilo bafu ndicho kisima,*
*Nusu ya uso, nusu ya miguu, katikati mwachie Mungu.*

Hapo banda zima linaanguka kwa kicheko.

Watu wa Masasi kuwacheka watu wa Newala kwa shida ya maji halikuwa jambo geni, na Newala wenyewe walicheka, kwa sababu wimbo mtamu ni mtamu tu hata ukikutukana. Shida ilikuwa moja. Yule bibi wa kwenye wimbo alikuwepo. Alikuwa Bibi Stamili, mama mzazi wa Fakihi, aliyekuwa anakaa Newala kwa binti yake, na Abdulatifu alimwiga mpaka ile kukohoa kwake kabla ya kusema neno, mpaka lile fundo la khanga analolifunga ubavuni. Aliyemjua Bibi Stamili hakuhitaji kuambiwa.

Bibi alipoletewa habari alicheka kwanza. Bibi na mjukuu ni watani, hilo halina mjadala. Tangu Abdulatifu anatambaa alikuwa anamwita mume wangu, na mume alikuwa na ruhusa ya kumsema mkewe. Lakini wakati ulivyokwenda, watoto wa sokoni wakajifunza. Bibi akipita na kikapu, nyuma anasikia, katikati! Akigeuka, watoto wote wanaangalia juu, wanahesabu mawingu. Akaanza kumtuma Mwanaheri sokoni. Halafu ikaja habari kwamba Faidha, dada yake Abdulatifu, anaolewa Masasi msimu ule ule. Bibi akasema hatakwenda, miguu inamsumbua.

Mwanaheri, mjukuu wake aliyekuwa anakaa naye nyumba moja, aliijua ile miguu. Juzi tu ilikuwa imemkimbiza mbuzi wa jirani mpaka barabarani. Akamfuata Bibi jikoni, akamuuliza bila kuzunguka.

"Mke mwenzangu," Bibi akamwambia, huku anapembua mchele, "mimi harusi zote za ukoo huu nimezifungua kwa wimbo. Ya mama yako, ya mjomba wako, zote. Sasa nikisimama pale Masasi nikafungua mdomo, nani atasikiliza? Watakuwa wananiangalia katikati."

Alisema kama mzaha. Mwanaheri akacheka kama inavyotakiwa, akatoka nje, akakaa nyuma ya nyumba akiwa hana hamu ya kucheka tena. Harusi ya Faidha bila Bibi Stamili kuifungua ilikuwa kama harusi bila bwana harusi. Na utani una sheria yake: aliyetaniwa akinuna, ameshindwa. Dawa ni kujibu. Kwa kuwa jiwe lilirushwa kwa video, basi lirudishwe kwa video.

*

Mipango yote ilipangwa kwenye foleni ya maji. Foleni ya Newala siku hizo unaweka dumu lako, dumu linakusimamia, wewe unakaa pembeni kusubiri bomba likohoe. Likikohoa hewa, watu wanarudi kukaa. Mtu angeweza kusomea mtihani wa taifa pale akafaulu. Mwanaheri aliwaita wenzake wawili wa kidato cha tatu. Mmoja alikuwa Kurwa, kijana mwenye mikono kama michi, ambaye ukimpa dumu tupu analipiga mpaka watu wanaacha kazi zao. Wa pili alikuwa Optatus.

Optatus alijiteua mwenyewe kuwa mwongozaji. Likizo moja alikwenda Dar kwa shangazi yake, akapita mahali wanapopiga video ya muziki, akasimama kwenye kundi la watazamaji mpaka akafukuzwa. Aliporudi Newala akawa anasema "kata" kwa kila kitu. Mwalimu akimaliza kipindi, Optatus anasema kata. Padri akimaliza mahubiri, Optatus, kwa sauti ya chini, kata.

Akaanza kwa kusema video haiwezi kuwa video bila gari. Wakatafakari magari ya Newala, wakaona yote yana wenyewe na wenyewe wana roho mbaya. Akasema basi bwawa la kuogelea. Hata madumu yalionekana kumshangaa. Akasema basi, kwa uchache, mvua: mtu anapanda juu ya mti na ndoo ya maji, anainyunyiza, msanii anaimba huku analowa, ndivyo wanavyofanya.

Kina mama waliokuwa wamekaa kwenye foleni wakageuka wote kwa pamoja. Mmoja akauliza kwa upole kabisa hiyo ndoo ya kumwagwa ni ya nani, ili wamjue mapema. Mwingine akamshauri Optatus akanyunyize mate, hayana foleni. Mwanaheri akakata shauri pale pale kwamba hakuna tone litakalomwagika kwenye video yao, wakimwaga maji ili waonekane wana maji watakuwa wamemsaidia Abdulatifu kuimba.

Ndipo Kurwa, ambaye kwa kawaida aliongea kwa mikono, akasema moshi. Ukungu wa Shimo la Mungu, pale ukingoni mwa mlima, asubuhi unatosha, na usipotosha, nyumbani kwao kuna mashine ya kupulizia salfa.

Wote wakaiona picha. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, kila shamba lilikuwa linatoa mawingu ya njano alfajiri. Fikiria sasa wingu lile pale ukingoni, ardhi imekatika mbele yako, bonde la Ruvuma liko chini kabisa kama limechorwa, na vijana wa Newala wanatokea ndani ya wingu wakiimba. Optatus akafumba macho. Kwa mara ya kwanza hakusema kata.

Kuna aliyekumbusha kuwa salfa inawasha macho. Kurwa akasema alfajiri upepo wa pale unashuka, unaupeleka unga wote bondeni, wao watakuwa nyuma ya wingu, hautawagusa. Na kweli ndivyo ulivyo alfajiri. Hakuna aliyeuliza mchana unakuwaje, kwa sababu nani anapiga salfa mchana?

Ikabaki kamera, na kamera ilikuwa moja tu, ya Haji. Mwanaheri alimwandikia, akampa barua dereva wa lori ampelekee, na Haji akajibu kwa dereva huyo huyo kwamba Jumamosi anakuja Newala kupiga harusi ya mtu, asubuhi atawapitia. Malipo hakutaka, alitaka jina lake lipite kwenye kioo mwanzo, katikati na mwisho. Walipomuuliza kama hatamwogopa Abdulatifu, alisema yeye huwapiga picha upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi, hajawahi kugombana na mtu.

Wimbo Mwanaheri aliutunga mwenyewe. Ulikuwa na beti tatu, na ubeti wa tatu alikuwa anaulalia na kuuamkia. Alijua ndio utakaommaliza Abdulatifu. Bibi hakuambiwa kitu. Aliombwa dumu lake tu.

*

Jumamosi alfajiri walikuwa Shimo la Mungu, Kurwa na madumu matupu ya nusu ya mtaa ameyapanga kama ngoma, Mwanaheri na shati jeupe la shule na kipaza sauti alichotengeneza kwa mwiko na karatasi za kung'aa za paketi za sigara. Ukungu ulikuwepo, mzuri, umejaa bonde lote kama pamba. Haji hakuwepo.

Ukungu ukaondoka. Jua likatoka, likakaa sawasawa. Haji ndiyo anatokea, suti ya kijivu, kamera begani, anatembea polepole kama mtu aliyekwishakunywa chai. Wakamwamkia, akaitikia marahaba, akaeleza kuwa kule kwenye harusi walikuwa wanachinja, na yeye kuchinja huwa haachi, watu wanapenda kuona ng'ombe wao. Tena ana haraka, lazima arudi kabla bwana harusi hajatoka. Kisha akatazama huku na huku na kuuliza wazee wako wapi.

Optatus akamweleza hakuna wazee, hii ni video ya muziki.

"Mimi naanza na wazee," Haji akasema. "Wazee, halafu chakula, halafu maharusi. Nikianza vingine mkono unatetemeka."

Optatus alikuwa amekwishajifunga mashine ya salfa mgongoni, kwa sababu alitaka moshi autawale mwenyewe, kwa hiyo alibishana akiwa amebeba mashine kama konokono mwenye hasira. Mwishowe Haji akakubali kuanza na madumu, kwa kuwa mengine yalionekana ya zamani.

Na hakukuwa na habari ya kurekodi sauti pembeni kisha kuipachika. Haji alipiga picha na sauti kwa pamoja kama anavyopiga harusi, unachoimba ndicho kitakachosikika. Kurwa akashusha mikono, madumu yakalia, Mwanaheri akaanza ubeti wa kwanza, Optatus akavuta kamba, mashine ikanguruma, na wingu la njano likatoka mbele yao likaenda kuning'inia juu ya bonde. Lilikuwa zuri, kila aliyeliona alikubali, hata Haji aliguna.

Wakati huo huo, huko mjini, bomba lilikohoa, na safari hii halikukohoa hewa.

Newala, habari kwamba maji yametoka haihitaji mbeba habari. Kina mama walikimbilia vyombo, vyombo havipo, nani kavichukua, Mwanaheri na wenzake wako Shimo la Mungu wanavipiga ngumi. Mwanaheri alikuwa anamaliza ubeti wa pili alipoona safu ya kina mama inateremka njia kwa mwendo wa watu wanaokwenda kudai, na mbele yao, ndoo mkononi, miguu yake inayomsumbua ikiwaacha wenzake nyuma, Bibi Stamili.

Haji aliwaona, uso ukamchangamka. Wazee. Akaigeuza kamera, akaanza kazi anayoijua, uso kwa uso, polepole, mkono hautetemeki.

Na pale pale upepo ukageuka.

Bonde lilikuwa limeshapata joto, na upepo wa mchana pale unapanda. Lile wingu lililokuwa linaning'inia mbele likasita kidogo, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha likarudi. Likawameza wote, msanii, mpiga ngoma, kina mama, mwongozaji. Macho yakaanza kuwaka. Machozi yakatoka, si ya kulengalenga, yalikuwa ya kutiririka, ya kuchuruzika mpaka kidevuni na kudondoka. Optatus alikuwa anapiga kelele kata, kata, lakini mashine ilikuwa mgongoni kwake na macho yamefumba, kila akipapasa swichi anapapasa mkanda wa suruali, na kila akizunguka kuitafuta anawapulizia waliokuwa wamebaki. Kurwa peke yake hakuacha kupiga. Alikuwa amefumba macho tangu mwanzo, ndivyo anavyopiga.

Mwanaheri alikuwa amefika kwenye ubeti wake wa tatu. Alifungua mdomo, na kwa jicho lililobaki akamwona Bibi mbele ya kamera, machozi yamemlowesha mashavu yote, mabega yanatikisika. Alidhani amemliza. Alitaka kumwondolea aibu ya sokoni, akamletea hii. Kisha Bibi akafuta uso kwa ncha ya khanga, na Mwanaheri akaona meno. Bibi alikuwa anacheka. Tangu ule wimbo ulipoanza kumfuata sokoni hakuwa amemwona akicheka hivyo, mpaka anashika kiuno.

Ubeti wa tatu ulikuwa mzuri. Mwanaheri mpaka leo anasema ulikuwa mzuri. Akaumeza. Akamfikia Bibi kwa kupapasa, akampa ule mwiko wa kung'aa, akamwonyesha kamera.

"Bibi, mume wako yumo humo ndani. Mjibu."

Bibi Stamili akalifunga vizuri lile fundo lake la ubavuni. Akakohoa kile kikohozi chake. Akasogelea kamera mpaka Haji ikabidi arudi hatua moja nyuma, ukingo wenyewe haukuwa mbali.

"Mume wangu Abdulatifu," akasema, machozi yanamwagika, "uliwaambia watu Newala hakuna maji. Haya tazama, mimi nayamwaga bure. Chukua ndoo uje ukinge."

Kina mama, vipofu na vikohozi vyao, wakapiga vigelegele. Bibi hakuwa amemaliza. Akasogea tena, akasema na maneno mengine, lakini wakati huo Optatus alikuwa amewazunguka kwa mara nyingine na mashine ilinguruma masikioni mwao, hakuna aliyeyasikia ila kamera na mwenye kamera. Mwanaheri aliona tu mabega ya suti ya Haji yanaruka.

Kisha Kurwa akafumbua macho, akaona hali ilivyo, akaenda kuzima mashine.

*

Hawakupata nafasi ya kupiga tena. Kina mama walichukua ngoma zao wakakimbilia bombani, na Haji alikuwa anachelewa bwana harusi. Aliondoka na kanda, akasema ataitia maua na herufi huko huko Masasi, wataiona siku ya harusi ya Faidha. Optatus, njano kuanzia nywele mpaka viatu, alikaa juu ya jiwe akasema maisha yake yamekwisha. Ile haikuwa video, ilikuwa msiba wenye ngoma. Alimsihi Mwanaheri atume mtu Masasi kanda ikafichwe, la sivyo mwaka mzima watachekwa upya, na sasa na sura zao.

Mwanaheri mwenyewe aliogopa. Alirudi nyumbani, akamkuta Bibi ameshajaza dumu na ndoo, ameketi anajikuna macho kwa raha.

"Harusi ya Faidha umesema ni lini?" Bibi akauliza.

"Si ulisema miguu?"

"Imepona. Mimi nimeshajibu, mke mwenzangu. Aliyejibu anaogopa nini kwenda?"

Akamuuliza alijibu nini mwishoni pale, maana hakuna aliyesikia. Bibi akasema ataona. Akamuuliza tena usiku huo na kesho yake, na kila siku mpaka siku ya safari, na Bibi akawa anasema ataona. Siku ya safari akapanda gari na khanga mpya, na mkononi amebeba ndoo tupu. Mwanaheri akaona asiulize na hilo.

Akili yake njia nzima ilikuwa kwenye kanda. Yeye ndiye aliyeanzisha, yeye ndiye aliyempa Bibi mwiko. Kama Masasi nzima itaona vikongwe wanalia na kukohoa na kijana anazunguka na mashine kama kuku aliyekatwa kichwa, basi atakuwa amemtoa Bibi nyumbani, amempandisha gari, amempeleka mwenyewe mikononi mwa wanaomcheka.

*

Kwa Fakihi palikuwa pamejaa. Baada ya chakula wakaitoa televisheni nje, wakaiweka juu ya meza yenye kitambaa, na Abdulatifu, ndani ya suti inayong'aa zaidi kidogo kuliko ya bwana harusi, akashika kipaza sauti cha kweli. Aliamkia wazee, akamtambulisha mke wake mpenzi kutoka milimani, akasema kwa heshima yake wataanza na wimbo wake. Bibi Stamili alikuwa kwenye mkeka wa mbele na kina mama, ndoo katikati ya miguu. Akapunga mkono.

Kanda ya Abdulatifu ikachezwa. Watu waliijua kwa moyo, walipofika pale waliimba wote, mpaka wapishi, katikati mwachie Mungu, na vichwa vyote vikageuka kumtazama Bibi. Bibi akawa anatikisa kichwa kwa mdundo. Mwanaheri alitamani mkeka umfunike.

Haji akabadilisha kanda.

Kwanza likaja jina la Haji, likiruka kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Likaja dumu kuukuu, karibu kabisa, kwa muda mrefu. Likaja wingu la njano juu ya bonde, na sauti ya Mwanaheri, na ngoma za Kurwa, na hapo watu wa Masasi wakakaa sawa, kwa maana ilikuwa nzuri na hawakutegemea. Halafu zikaja zile nyuso. Moja moja, polepole, kama Haji anavyopiga mama wa bibi harusi siku ya kuagana, na kila uso unabubujikwa machozi. Kelele zikapungua. Zikaisha. Mzee mmoja akauliza kwa sauti ya chini kule Newala amefariki nani.

Ukaja uso wa Bibi Stamili. Haji alikuwa ameuzungushia makopa mawili mekundu yaliyoungana, yale anayowawekea maharusi.

Mume wangu Abdulatifu, akasema Bibi wa kwenye kioo. Uliwaambia watu Newala hakuna maji. Haya tazama, mimi nayamwaga bure. Chukua ndoo uje ukinge.

Kicheko kilianzia kwa kina mama, kikavuka kwa wanaume, kikawa kinapanda. Abdulatifu mwenyewe alikuwa anacheka, anatikisa kidole, kama mtu aliyepigwa lakini bado amesimama. Na ndipo uso wa Bibi ukasogea mpaka ukajaa kioo kizima, makopa yakabaki nje, na juu ya mngurumo wa mashine yakasikika yale maneno, wazi, kwa sababu mdomo ulikuwa karibu kabisa na kamera.

"Na hiyo katikati uliyomwachia Mungu, baba yako ndipo alipotokea. Muulize kama palikuwa pachafu."

Hakuna aliyemtazama Bibi wala kioo. Watu wote, bwana harusi na wageni wake, wapishi na mafuta yao, waligeuka kumtazama Fakihi, mfanyabiashara, kofia ya kudariziwa, kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Mjomba Fakihi hakuwa mtu wa kucheza naye, wadeni wake walivuka barabara wakimwona.

Fakihi akaivua kofia. Akaitazama ndani kama ameandikiwa jibu humo. Kisha akaivaa tena, akamgeukia mama yake pale kwenye mkeka.

"Palikuwa safi, mama," akasema.

Bwana, kilichofuata hakisimuliki vizuri. Mzee aliyekuwa anauliza nani amefariki ilibidi ashikiliwe. Sufuria moja ya pilau ilipinduka na hakuna aliyeiokota. Kurwa na Optatus, waliokuja nao kwa gari lile na kujificha nyuma ya jenereta, waliburutwa mbele wakanyanyuliwa juu, na Optatus alipofika juu kabisa akapanua mikono akasema kata, na safari hii watu walimpigia makofi. Kanda ikarudishwa nyuma ikachezwa tena. Ikarudishwa tena. Watoto wa Masasi walikuwa tayari wanaliimba lile swali, na kila walipofika mwisho walinyamaza wakimgeukia Fakihi, na Fakihi, ambaye sasa alikuwa ameanza kuona raha, anaitikia.

Abdulatifu alikuja mbele ya mkeka, akapiga magoti na suti yake. "Mke wangu," akasema, "nimekoma."

Bibi akamsogezea ndoo kwa mguu.

Mtani aliyeshindwa hulipa anachotajiwa. Abdulatifu aliichukua, akaenda bombani mbele ya watu, akaijaza, akarudi nayo kichwani maji yanamchirizika kwenye kola, na kina mama wanamsindikiza kwa nderemo kana kwamba yeye ndiye anayeolewa. Kisha Bibi Stamili akasimama, akafunga fundo lake, akakohoa. Uwanja wote ukatulia. Akaifungua harusi ya Faidha kwa ule wimbo wa Chimakonde aliomwimbia mama yake Mwanaheri na wengine wote, tangu mwanzo mpaka mwisho, na watu walikuwa wanamtazama usoni. Faidha alilia, na safari hii hakukuwa na salfa.

Maji yale hayakuishia pale. Adhabu ilikuwa yafike Newala. Kesho yake Abdulatifu alipanda gari pamoja nao, ndoo mapajani, ameikumbatia njia yote ya kupanda, kila shimo linamnyang'anya kidogo, na kila kituo Mwanaheri anawaeleza abiria wapya kisa cha kijana huyu na ndoo yake. Walipoingia Newala ilikuwa imebaki nusu na suti imekunywa nusu. Watoto wa sokoni walimwona, wakamtambua, wakalidaka lile swali kwa abiria wanaoshuka, wakamfuata nalo mpaka mlangoni.

Bibi Stamili aliipokea ndoo, akaichungulia, akashukuru. Akachota kikombe kimoja, akaingia uani, akaoga, uso, miguu, na katikati, akatoka anang'aa kama sahani. Yaliyobaki aliyafunika kwa ungo, akamkabidhi mumewe kikombe.

"Haya," akamwambia, "zamu yako. Na usimwage."